Swahili ni Neno la Kiarabu. Kwa Hiyo?

Anayeniuliza swali hili huwa tayari ana jibu lake, na nusu ya jibu hilo ni sahihi. Anajua kwamba neno Swahili limetokana na Kiarabu. Kalisoma darasani, hakukosea. Anachotaka nimkubalie ni nusu ya pili: kwamba kwa kuwa jina ni la Kiarabu, basi na lugha yenyewe ni Kiarabu kilichochakaa, au ni mtoto wa Waarabu waliooa pwani. Nimelijibu kwa wanafunzi na kwa walimu wao. Nimelisikia redioni likisemwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa, kisha mtangazaji akaenda kwenye matangazo ya sabuni.

Halijaamuliwa hivyo. Lilikwisha kuamuliwa kinyume chake, zamani.

Kilicho kweli ni hiki. Kwa Kiarabu *sahil* ni ukanda wa pwani, na wingi wake ni *sawahil*. Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331, aliieleza Mombasa kuwa ni kisiwa kilicho mwendo wa siku mbili baharini kutoka nchi ya Sawahil. Angalia anavyolitumia neno hilo: ni jina la mahali, kinywani mwa msafiri aliye chomboni. Wenyewe waliokuwa nchi kavu hawakuwa na haja ya jina moja la kuwakusanya. Walikuwa Waamu, Wapate, Wamvita, Watumbatu, Wapemba, kila mmoja kwa mji au kisiwa chake, wakisema Kiamu, Kipate, Kimvita. Hata leo, mzee wa Lamu ukimwuliza anasema nini nyumbani, atakujibu Kiamu, na Kiswahili atakuachia wewe na vitabu vyako.

Kwa hiyo jina Waswahili kwa asili lina maana ya watu wa mwambao, na lilitolewa na wapitao. Halisemi lolote kuhusu lugha waliyokuwa wakiisema watu hao.

Anayeshuku na aangalie upande wa pili wa bara. Ukanda unaopakana na Jangwa la Sahara, kutoka Senegali hadi Sudani, unaitwa Saheli. Ni neno lile lile, *sahil*, kana kwamba jangwa ni bahari na pale ndipo ufuko wake. Mtu wa Mali anayesema Kibambara anaishi Saheli. Sijapata kumsikia yeyote akidai kwamba Kibambara kwa sababu hiyo ni Kiarabu. Hoja ni ile ile, lakini ikipelekwa Bamako kila mtu anaiona ilivyo ya ajabu.

Au twende Ulaya. Ufaransa imepata jina kwa Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala huko tangu karne ya tano. Lugha ya Kifaransa ikabeba jina lao. Lakini Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, kama Kihispania na Kireno. Wabulgaria walipewa jina na watawala wao wa kale waliokuwa wakisema lugha ya jamii ya Kituruki. Leo Kibulgaria ni lugha ya Kislavoni, ndugu wa Kiserbia na Kirusi. Kama jina la lugha ndilo linaloonyesha ukoo wake, basi Kifaransa kihamie kwa Wajerumani na Kibulgaria kwa Waturuki. Nani atatoa idhini?

Ukoo wa lugha hutafutwa kwingine: katika sarufi, katika maneno ya msingi, na katika sauti zinazopishana kwa mpango kati ya lugha na lugha. Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda, husema *hahu* pale Mswahili anaposema tatu, na *moho* pale tunaposema moto. T ya huku ni h ya kule, na hairuki ovyo. Mpishano wa namna hiyo hauazimwi sokoni, hurithiwa. Ndiyo maana wanaisimu wamekiweka Kiswahili kundi moja na lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Kundi hilo linaitwa Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliliandikia kitabu kizima mwaka 1993. Naomba tu asitokee mtu wa kuniambia kwamba lugha hizo zilitoka mtoni.

Hapo ndipo mwulizaji hutoa karata yake ya mwisho: na maneno yote yale ya Kiarabu? Sheria, kitabu, samehe, safari, sita, saba, tisa? Yapo, ni mengi, wala hakuna aliyeyaficha. Lakini tazama yanavyofanywa yakishaingia. Kwa Kiarabu kitabu ni *kitab* na wingi wake *kutub*. Mswahili alisikia *ki-* mwanzoni mwa neno, akadhani, au akaamua, kwamba ni *ki-* ya kiti na kisu, akasema vitabu. Mwarabu hawezi kuutambua wingi huo. Chukua tena *hawakutusamehe*: samehe imetoka Uarabuni, lakini ukanusho, mtenda, wakati na mtendwa, vyote vinne vimepangwa mbele ya mzizi kwa utaratibu ambao Mzaramo na Mkamba wanauelewa bila kufundishwa. Sarufi ndiyo mwenye nyumba, msamiati ni wageni. Zaidi ya nusu ya maneno katika kamusi ya Kiingereza yametoka Kifaransa na Kilatini, na Kiingereza bado ni lugha ya jamii ya Kijerumani.

Na hata hizo sita, saba, tisa zilikuta viti vina wenyewe. Tisa iliikuta *kenda*, ambayo bado imo katika jina Mijikenda. Saba iliikuta *mfungate*, na hiyo hatujaisahau kabisa: bwana na bibi harusi bado wanakaa fungate, zamani siku saba, siku hizi kadiri ya likizo na mfuko.

Kuna na wale wanaokimbilia upande wa pili. Kwa kuogopa kwamba jina la Kiarabu litawapokonya lugha, wanasema Swahili si *sawahil*, ni *siwa hili*, yaani kisiwa hiki kikubwa. Hadithi tamu, na upatanisho wa kisarufi umekaa sawa. Lakini haina ushahidi wowote wa maandishi, wakati *sawahil* inasomeka tangu karne ya 14. Zaidi ya hapo, ni dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Jina linaweza kuwa la Kiarabu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho na lugha ikabaki ya Kibantu. Hakuna kinachohitaji kuokolewa.

Ukishaacha kulisoma jina kama hati ya nasaba, ndipo linapoanza kukuambia mambo. Kwanza, linakuambia nani alikuwa akitazama, na kutoka wapi. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi *sukuma* ni kaskazini na *dakama* ni kusini. Wasukuma basi ni watu wa kaskazini, lakini kaskazini ya nani? Ya jirani aliye kusini yao. Wao nao wakamwita jirani huyo mtu wa dakama. Hapo jina la watu ni dira iliyoshikwa na mtu mwingine.

Pili, linakuambia mgeni aliingilia mlango gani. Biblia inataja Wayunani, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Ionia, eneo la Wagiriki waliokuwa ng'ambo, kwenye pwani ya nchi iitwayo leo Uturuki. Watu wa mashariki walikutana na hao kwanza, wakawaita Wagiriki wote kwa jina lao. Uholanzi ni hivyo hivyo: Holland ni sehemu moja tu ya nchi hiyo, ile yenye bandari na meli. Na sisi tumefanya yayo hayo bila aibu. Ngazija ni kisiwa kimoja cha Komoro, kikubwa kuliko vingine, lakini Unguja na Mombasa kila Mkomoro ni Mngazija, awe ametoka Nzuwani, Mwali au Maore. Mwambie hivyo mtu wa Nzuwani uone uso wake.

Tatu, jina huhama na kumwacha mwenyewe. Hind limetokana na mto Sindhu, ambao leo sehemu yake kubwa inapita Pakistani, si India. Uganda ni Buganda kwa matamshi ya wafanyabiashara wa pwani, waliotumia *u-* yao ya nchi. Waingereza wakalichukua jina hilo la ufalme mmoja, wakatangaza himaya mwaka 1894, na hatimaye wakamfunika nalo Mwacholi na Mkaramoja, ambao lugha zao hata si za Kibantu. Ghana ya 1957 ilijipa jina la dola ya kale iliyokuwa mbali sana kaskazini-magharibi. Neno Mswahili lenyewe limehama: Dar es Salaam, anayeishi uswahilini si lazima awe ameiona bahari mwezi huu, na “acha Uswahili” ni maneno ya kumkanya mjanja, hayana habari na mwambao.

Sasa wale wahariri na walimu wanaosubiri jibu la kuandika ubaoni, kuhusu majina ya nchi, watu na lugha. Nchi yenye *u-* ya Kiswahili, itoe kisha weka *m-* au *wa-*: Ufaransa, Mfaransa. Isiyo nayo, bandika juu: Mkenya, Mtanzania. Jina la maneno mawili usilishone kiambishi, andika raia wa Afrika Kusini na upumzike. Raia wa Uganda ni Mganda, mtu wa ufalme wa Buganda mwandike Mbaganda, usiwachanganye. Mkongomani ni raia, Mkongo ni wa kabila la Wakongo, na Kikongo ni lugha ya hao wa pili, si ya kila aliyezaliwa Lubumbashi, ambako utasikia Kiswahili kabla ya Kikongo. Nchi kuwa na jina hakuipi lugha: hakuna Kitanzania wala Kikenya, na Kenya yenyewe imebeba jina la mlima tangu mwaka 1920. *Ki-* ya Kichina katika chakula cha Kichina ni ya namna, haihitaji kamusi. Kama wenyewe wana jina lao na wanataka waitwe hivyo, waite hivyo: watu wa Mijikenda waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, hadi walipojichagulia jina jingine katika miaka ya 1940. Na ukitaka asili ya lugha yoyote, kusanya tarakimu zake kuanzia moja hadi kumi, viungo vya mwili, na vitenzi kumi vilivyonyambuliwa, kisha uje navyo. Jina lake liache nyumbani.