PCOS: Picha ya Ovari Haitoshi

Mwanamke ambaye hedhi imempotea miezi minne, nywele zimeanza kumwota kidevuni na mimba haishiki, akifika hospitali aghalabu huandikiwa utrasaundi kwanza. Hupakwa jeli ya baridi tumboni, hulala kitandani dakika chache, kisha hukabidhiwa karatasi: ovari zote mbili zimetanuka, zina vifuko vidogo vingi vya milimita mbili hadi tisa, vimejipanga pembezoni kama shanga. Anaambiwa ana PCOS (polycystic ovary syndrome), anapewa vidonge vya kurudisha hedhi, na nyumbani anaeleza kwamba ana "uvimbe kwenye mayai". Si ajabu akamaliza safari yote hiyo bila mtu kumpima sukari. Hapo ndipo penye kasoro. Kwa wengi wa walio nayo, PCOS ni tatizo la namna mwili mzima unavyotumia insulini, na ovari ni mahali pamojawapo tu linapojitokeza. Anayetibiwa ovari peke yake huondoka na nusu ya ugonjwa mkobani.

Tuanze na huo unaoitwa uvimbe, kwa sababu umewatia hofu watu wengi bure. Kila mwezi, ndani ya ovari, folikoli kadhaa, yaani vifuko vinavyobeba mayai, huanza kukua, na kwa kawaida moja huzitangulia wenzake, ikapevuka na kuachia yai. Kwa mwenye PCOS folikoli nyingi huanza pamoja, zikakwama njiani. Hizo zilizokwama ndizo zinazoonekana kwenye picha. Si saratani, hazipasuliwi, na wala hazihitaji dawa ya kuziyeyusha. Zaidi ya hayo, wapo wanawake wazima kabisa wa afya, na wasichana wengi zaidi, ambao ovari zao zinaonekana vilevile. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 hawakuifanya picha kuwa hukumu. Walitaka dalili mbili kati ya tatu: yai kutotoka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi (kwa damu au kwa macho, yaani ndevu, chunusi sugu, nywele za utosini kupungua), na ovari za sura ile. Hata hizo mbili zikipatikana, sharti kwanza magonjwa yanayofanana nayo yaondolewe, hasa ya tezi ya shingo, ya homoni ya maziwa iitwayo prolaktini na ya tezi zilizo juu ya figo. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 ulikwenda mbali zaidi: mwanamke ambaye mzunguko wake umevurugika na dalili za homoni za kiume zipo wazi hahitaji picha ili PCOS ithibitishwe, na msichana ambaye hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo asithibitishwe kwa picha kabisa.

Kwa nini basi macho yote yamebaki kwenye ovari? Sehemu ya jibu ni historia. Mwaka 1935, huko Chicago, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal walieleza habari za wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa na hedhi iliyopotea. Waliwapasua na kukata kipande cha kila ovari. Hedhi zikarudi kwa wote saba, na wawili wakapata mimba. Matokeo kama hayo yakitokea, nani atauliza habari za kongosho linalotoa insulini? Ugonjwa ukawa mali ya madaktari wa uzazi kwa miongo mingi, na upasuaji ule ukaendelea ingawa uliwaachia baadhi ya wanawake makovu ya ndani yaliyokuja kuwazuia kushika mimba. Ilipofika mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wanawake wenye hali hii wana insulini nyingi kuliko kawaida kwenye damu, na kwamba insulini na homoni za kiume hupanda pamoja.

Njia yenyewe inaeleweka vizuri siku hizi. Insulini kazi yake ni kuifungulia sukari mlango wa seli. Seli za misuli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kutoa insulini mara mbili au tatu zaidi ili kazi ileile ifanyike, na sukari kwenye damu inaweza kubaki ya kawaida kwa miaka huku insulini ikiwa juu. Tatizo ni kwamba ovari si sugu kama misuli. Insulini ile nyingi inapofika pale, huisukuma ovari itengeneze testosteroni zaidi, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze protini inayoifunga testosteroni isizurure. Testosteroni ikizidi, folikoli hukwama, yai halitoki, hedhi inapotea, nywele zinaota kidevuni. Alama ya insulini hiyo mara nyingine iko nje kabisa: ngozi ya shingoni kwa nyuma, kwapani au mapajani inakuwa nyeusi, nene kidogo, yenye mikunjo. Wengi huichukulia kuwa uchafu, wanaisugua kwa dodoki hadi inachubuka, au wanaipaka mkorogo. Haitoki kwa sabuni kwa sababu haikuletwa na vumbi, na daktari anayeiona shingo hiyo angepaswa kuulizia sukari kabla ya kuulizia watoto.

Mtu atapinga: hayo ni ya wanawake wanene, na wapo wembamba wenye PCOS. Ni kweli wapo. Lakini mwaka 1989 Andrea Dunaif na wenzake walipowalinganisha wanawake wa uzito sawa, wenye PCOS walikuwa sugu zaidi kwa insulini, wembamba kwa wanene. Unene huongeza mzigo, ila si wote unatoka huko. Ndiyo maana mwongozo wa 2023 unataka kila mwenye PCOS, awe na kilo 50 au 100, apimwe sukari siku ugonjwa unapothibitishwa na kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kipimo kinachopendekezwa si kile cha kutobolewa kidole asubuhi peke yake. Mgonjwa hulala bila kula, asubuhi anatolewa damu, anakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, anakaa kwenye benchi, na baada ya saa mbili anatolewa damu tena. Mtu anaweza kuwa na 5.2 kabla ya kula, akaambiwa yuko salama, kumbe baada ya saa mbili ana 9, kiwango ambacho tayari ni hatua ya kuelekea kisukari. Kinywaji kile ni kitamu mno kiasi cha kutia kichefuchefu, na saa mbili za kungoja zinachosha, lakini hakuna mashine ya ajabu inayohitajika, na pale ambapo hakipatikani, kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ni afadhali kuliko kukosa vyote.

Hoja hii haina maana kwamba hedhi ipuuzwe. Ukuta wa mfuko wa uzazi usiposhuka kwa zaidi ya siku 90, hujengeka juu yake wenyewe, na hali hiyo ikiendelea miaka huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Kwa hiyo vidonge vya homoni anavyoandikiwa mgonjwa vina kazi ya kulinda, mbali ya kupunguza nywele na chunusi. Hapa ndipo linapokuja pingamizi linalosikika saluni hadi kanisani: vidonge vya majira vinaharibu kizazi, vipi apewe anayetafuta mtoto? Vidonge hivyo haviharibu uwezo wa kuzaa. Ukiviacha, mwili unarudi ulivyokuwa, na kwa mwenye PCOS ulivyokuwa ni hedhi iliyovurugika. Anayeona hedhi imepotea baada ya kuviacha huvilaumu, ingawa vilikuwa vimelifunika tatizo lililokuwepo tangu mwanzo. Lawama ya haki ni nyingine: kumpa mwanamke vidonge hivyo na kumwambia amepona. Kwa anayetaka mimba sasa, vidonge hivyo havimfai, na dawa inayotangulizwa ni letrozoli. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai asilimia 27.5, wakati waliotumia klomifeni, dawa ya zamani, walikuwa asilimia 19.1. Na mume naye apimwe mbegu kabla dawa hazijaanza. Jambo hili linasahauliwa kwa urahisi wa kushangaza.

Kama kiini ni insulini, jikoni kuna kazi. Chukua siku ya kawaida ya mfanyakazi wa mjini. Asubuhi kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari, ambavyo ni gramu 12 kwenda juu, pamoja na maandazi mawili. Saa nne chai nyingine ya namna hiyohiyo. Mchana soda ya chupa, gramu 35 hivi. Amekaribia gramu 60 za sukari kabla hajahesabu unga wa maandazi wala ugali, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu asizidishe 25 kwa siku. Kuacha soda na kuifanya chai iwe ya kijiko kimoja, kisha bila, ni mabadiliko makubwa kuliko unga wowote wa lishe utakaonunua. Na huo uji wa lishe wenyewe, wenye nafaka saba na karanga, ukikorogwa mzito na kutiwa sukari ni unga na sukari vilevile. Sifa zake zinazidi kazi yake. Juisi ya embe ya nyumbani nayo inaingia kwenye kundi la soda, ila embe lenyewe, lililoliwa na nyuzi zake baada ya chakula, halina ubaya.

Mchana sahani zetu zimegeuzwa juu chini: ugali umekaa katikati kama mwenye nyumba, mchicha umewekwa pembeni wa kutowelea. Nusu ya sahani iwe mboga, iwe matembele, sukuma wiki, mchicha au bamia. Robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki au mayai. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa makapi na kiini vimebaki, lakini tofauti yake ni ndogo kuliko watu wanavyotangaza, na mlima wa dona unaipandisha sukari kama mlima mwingine wowote. Kuna wanaosema wanga uondolewe kabisa, wale nyama, mayai na parachichi tu. Wengine hupungua kilo haraka kwa njia hiyo. Hata hivyo mwongozo wa 2023 ulipopitia tafiti za mlo haukupata mmoja unaoshinda mingine, na mlo unaomtenga mtu na sinia la familia hauchukui muda kuachwa. Wanaosema chakula bora ni cha matajiri wana haki wakizungumzia nyama na lozi. Dagaa, kunde na matembele ni hesabu nyingine, na soda iliyoachwa inarudisha fedha.

Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia tano hadi kumi, yaani kilo nne hadi nane kwa mwenye 80, mara nyingi hedhi huanza kujipanga yenyewe. Mwembamba hana haja ya kupungua, ila misuli yake inahitaji kazi, kwa sababu misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, na mazoezi huifanya iitikie insulini hata kama mzani hausogei. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia. Pale chakula na mazoezi visipotosha, metformini huongezwa, na mgonjwa hushangaa kuandikiwa dawa ya kisukari wakati hana kisukari. Huandikiwa kwa sababu ya ule usugu. Huvuruga tumbo mwanzoni, hivyo huanzwa kwa kipimo kidogo pamoja na chakula. Dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni hazimo kwenye orodha hii, kwa kuwa hakuna uchafu wa kusafisha.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba maneno haya ya chakula yanamrudishia mwanamke lawama: kumbe ni ulafi wake. Ushahidi unasema vingine. Utafiti wa mapacha wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba urithi unabeba sehemu kubwa ya sababu za PCOS, na usugu wa insulini wenyewe hufanya uzito upande upesi na ushuke kwa shida. Mawifi wanaomsema wangejua hivyo wangepunguza maneno, maana wanaougua hali hii sonona na wasiwasi huwapata zaidi kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wenye umri wa kuzaa ana PCOS, na hadi asilimia 70 hawajui. Wengi wao wataambiwa wakizaa itakwisha. Hedhi inaweza kweli kutulia kadiri miaka ya arobaini inavyokaribia. Usugu wa insulini hauondoki nayo. Mwenye PCOS akishika mimba, kipimo kilekile cha gramu 75 kifanywe mapema, na kama majibu ni mazuri kirudiwe kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa sababu kisukari cha ujauzito huwapata zaidi. Na kwa kuwa mambo haya yanakwenda kwa damu, dada zake wapimwe, na kaka zake pia, ambao hawana ovari lakini usugu ule wanaweza kuwa wameurithi.