Pato kwa Kila Mtu, na Nafaqa ni Juu ya Nani?

Baada ya darsa la akina mama, alasiri ya Jumamosi iliyopita, bibi mmoja mjane wa hapa Msambweni alibaki nyuma akingoja wenziwe waondoke. Umri wake umepita miaka 70, naye yumo katika orodha ya wazee wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka serikalini chini ya mpango wa Inua Jamii. Ana wana wawili, wote wana kazi huko Diani. Zamani kila mwisho wa mwezi walimletea unga, mafuta na sukari. Tangu jina lake liingie katika orodha hiyo, wameacha. "Maalim," alituuliza, "serikali imenipa au imenipokonya?"

Tulimjibu papo hapo kwa upande wa sharia, na jibu hilo litakuja hapa chini. Lakini suala lake lilitufuata hadi nyumbani, kwa kuwa linagusa jambo linalojadiliwa ulimwenguni siku hizi, nalo ni pato la msingi kwa wote: kila mtu mzima, tajiri na maskini, mwenye kazi na asiye na kazi, alipwe kiasi fulani cha fedha kila mwezi bila ya sharti lolote.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba jambo hili li mbali nasi. Mwishoni mwa mwaka 2004, serikali ya Kenya ikisaidiana na UNICEF ilipoanza kujaribu kuwapa fedha wanaolea mayatima, wilaya tatu zilichaguliwa: Garissa, Nairobi na Kwale yetu. Zilikuwa familia 500 tu, kila moja ikipewa shilingi 500 kwa mwezi, na kutokana na jaribio hilo dogo ukakua mpango ulioenea nchi nzima. Ndugu zetu wa Zanzibar walikwenda hatua zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni, iliyoanza kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila ya kuulizwa kama ni fukara au la.

Jaribio kubwa la pato kwa wote, hata hivyo, liko hapa Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet. Shirika la GiveDirectly la Marekani lilianza na kijiji kimoja mwaka 2016, kisha likaingia katika utafiti wa vijiji 295. Katika vijiji 44 kila mtu mzima aliahidiwa takribani shilingi 2,250 kwa mwezi, kupitia simu yake mwenyewe, kwa muda wa miaka 12. Vijiji vingine vilipewa kiasi hicho kwa miaka miwili tu, vingine vikapewa fedha hizo za miaka miwili kwa mkupuo mmoja, na vijiji 100 havikupewa kitu, ili vilinganishwe.

Wengi wetu barazani tulikuwa na yakini kwamba fedha za bure huzaa uvivu. Watafiti, miongoni mwao Abhijit Banerjee aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walipotoa matokeo yao mwaka 2023 hawakuona uvivu huo. Watu waliacha baadhi ya vibarua vya kuajiriwa wakafungua vijibiashara vyao. Walioahidiwa miaka 12 walithubutu zaidi kuliko walioahidiwa miwili, na wengi waliunda vyama vya kupeana zamu, kama vile akina mama wa hapa wanavyofanya, ili senti za kila mwezi zigeuke kuwa mtaji. Tunakiri kwamba jambo hili lilitugeuza mawazo. Mtu mwenye uhakika wa kesho hupanda mnazi. Asiye na uhakika huishia kwenye mchicha.

Katika tarehe ya Uislamu pia jambo hili lina asili. Sayyidna Umar (R.A.) alipoanzisha diwani, majina ya Waislamu yaliandikwa na kila mmoja akapangiwa fungu lake kutoka Baitul Mal. Watoto nao walipewa, lakini baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulitua Madina, naye akaenda kuulinda. Akasikia mtoto akilia. Akamwendea mamake akamnasihi amtulize, akarudi mara ya pili, na ya tatu, na mtoto bado analia. Mama yule, asiyejua anazungumza na nani, akamwambia kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu kwa sababu Umar hampi fungu mtoto anayenyonya. Inasimuliwa kwamba alfajiri ile Umar aliswalisha huku kilio kikizuia kisomo chake kusikika, kisha akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto wa Kiislamu ana fungu lake tangu siku ya kuzaliwa.

Tuyatazame vyema mafunzo yake. Sharti lile halikuwekwa kwa ubaya, lakini lilipenya ndani ya nyumba likaondoa maziwa kinywani mwa mtoto. Fedha ikishaingia nyumbani hubadilisha mwenendo wa watu. Hata shilingi 2,000 za bibi yetu zilibadilisha mwenendo wa wanawe.

Basi sharia inasemaje? Mali ya mke ni ya mke. Nafaqa yake ni juu ya mumewe, hata mke akiwa tajiri kumpita. Pato kama lile la Siaya likija Msambweni, na kila mke akapata shilingi 2,250 zake, mume hatapata ruhusa ya kupunguza hata kibaba cha unga. Mke akitoa kwa ridhaa yake kumsaidia mume mwenye dhiki, ana ujira maradufu, kama ilivyothibiti katika habari ya Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Ridhaa lakini si kunyamaza kwa hofu. Tunawajua akina mama ambao laini zao za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, na nambari ya siri anaijua mume peke yake. Hao pato litawapita juu juu.

Hukumu ya wazazi ni tofauti kidogo. Mzazi mwenye cha kumtosha, mwanawe halazimiki kumlisha, ingawa wema haukomi. Mzazi ambaye alichonacho hakimtoshi, mwana mwenye uwezo analazimika kukamilisha kilichopungua. Kwa hiyo suala la kuuliza ni kama shilingi 2,000 zinatosha.

Ugumu mwingine ni wa hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kwale. Tukichukulia laki nne tu miongoni mwao kuwa watu wazima, na kila mmoja apewe shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa mwaka zitahitajika bilioni 9.6. Mgao wote wa kaunti kutoka serikali kuu katika mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa takribani bilioni 8.2, na humo mna hospitali, maji na mishahara. Wako wanaotaja madini. Jimbo la Alaska huko Marekani humgawia kila mkaazi fungu litokanalo na mafuta tangu mwaka 1982, na sheria yetu ya madini ya mwaka 2016 imeitengea jamii ya eneo husika asilimia 10 ya mrabaha. Lakini uchimbaji wa titani hapa kwetu ulikoma Desemba 2024, na mchanga uliokwisha kusafirishwa haurudi.

Kuhusu bibi yetu, tulimwita mwanawe mkubwa, naye akaja baada ya swala ya Isha. Hakuja kwa kiburi. "Nilidhani mzigo umehamia serikalini, Maalim," alisema. Tukaigawa naye shilingi 2,000 kwa siku 30, ikaja shilingi 66 na senti. Tukamuuliza mwenyewe hutumia kiasi gani kwa chai na mahamri asubuhi kabla ya kuingia kazini. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Baadaye akatuuliza kama tunajua dawa za presha za mamake ni bei gani. Tulimwambia aende akamuulize, angali macho.