Laiki Nyingi, Mauzo Hakuna? Pima Tangazo kwa Pesa Inayoingia

Umelipa shilingi 500 kutangaza viatu vyako Facebook kwa siku tano. Laiki 200, watu kibao wanauliza "bei?" Sasa angalia meseji za malipo: wangapi wamenunua?

Hesabu iko hapo. Kama faida yako ni shilingi 150 kwa kila jozi, wateja watatu wanakurudishia 450 tu. Bado una hasara ya 50. Ni yule wa nne anayekutoa kwenye hasara.

Kabla hujaongeza pesa, rekebisha haya matatu:

1. Weka bei, mahali ulipo na namba ya till kwenye tangazo. Mtu akingoja jibu sana, anaenda kwa jirani.
2. Chagua eneo. Kama uko Umoja na hutumi mzigo mbali, mtu wa Kisumu akiona tangazo anakumalizia bajeti bure.
3. Muulize kila anayelipa, "Umetuona wapi?" Andika jibu kwenye daftari, kando ya kiasi alicholipa.

Siku tano zikiisha, jumlisha. Tangazo likileta faida, ongeza kidogo. Lisipoleta, badilisha picha au eneo kwanza. Pesa ingoje.