Land Rover kuukuu bado ina soko Arusha: Kwa nini?

MSOMAJI anayetaka kujua gari lipi lina faida humwendea wakala wa magari. Anayetaka kujua gari lipi halitoki mikononi mwa mwenyewe hata likimla fedha kila mwezi, aende Tengeru Jumatano au Jumamosi, siku za soko, asubuhi na mapema. Atazikuta Land Rover 109 zikishuka kutoka miteremko ya Meru na ndizi, viazi, makopo ya maziwa na watu juu ya mzigo. Nyingine mlango umefungwa kwa kamba. Nyingi zilitoka kiwandani kabla dereva wake hajazaliwa.

Kwa mtu aliyesoma biashara, jambo hili linatatanisha. Gari linalovuja oili, linalokunywa petroli na linalotaka fundi kila baada ya wiki chache lilipaswa kufa sokoni zamani. Badala yake, mwenye nalo ukimtajia bei anacheka, na asiye nalo anatafuta. Oktoba 2024, Paul Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa, Land Rover zilikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha lililokusudia kuvunja rekodi ya msafara wa magari hayo iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani, ya magari 632. Waliokuja na Defender zinazong'aa walipigwa picha nyingi. Ila waliopigiwa makofi kando ya barabara ni wale wa 109 zilizochakaa, zilizofika kwa miguu yake zenyewe.

Ukurasa huu hauna shida na mapenzi ya watu. Swali letu ni la hesabu: wenye magari haya wanapoteza fedha kwa ukaidi, au kuna kitu ambacho hesabu zetu za darasani hazikioni?

Tuanze na bodaboda, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Kijana wa bodaboda mjini Arusha hana mapenzi ya kudumu na pikipiki. Anachagua Boxer au TVS kwa sababu spea zipo kila duka na fundi yuko kila kona. Wengi huendesha kwa mkataba: unampelekea tajiri hesabu kila wiki, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yako. Ikianza kuchoka, unaiuza na kuanza upya. Huyo ndiye mteja wa kwenye vitabu. Mwenye 109 naye pia anaangalia spea na fundi, isipokuwa anapiga hesabu ya miaka mingi zaidi.

Gari lenyewe lilizaliwa katika uhaba. Mwaka 1947, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitaka gari la shambani, na Uingereza baada ya vita ilikuwa ikigawa chuma kwa mgawo. Aluminiamu ilipatikana kwa wingi kutokana na viwanda vya ndege. Ndiyo maana bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, mabati yaliyonyooka yanayofungwa kwa bolti, ambayo fundi anaweza kuyafungua moja moja. Iliposimamishwa mbele ya wanunuzi kwenye maonyesho ya Amsterdam Aprili 1948, wenyewe waliiona kama biashara ya kujishikiza. Kufikia mwaka 1976 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja.

Namba 109 ni urefu wa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu mwaka 1971. Injini ya petroli iliyozoeleka ni ya sentimita za ujazo 2,286. Kati ya toleo na toleo vitu vingi vinaingiliana, na hili ni jambo la kibiashara kabisa: gari lililokufa la mwaka 1965 linaweza kulisha gari hai la mwaka 1978. Kila 109 iliyolala nyuma ya nyumba ni ghala la spea.

Hapa Tanzania, serikali, mashirika ya umma, misheni na mashamba ndio waliozinunua kwa wingi. Kisha zikaja shida. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983, pale nchi tatu zilipokubaliana hapa hapa Arusha juu ya mgawanyo wa mali za Jumuiya iliyovunjika. Katikati ya miaka hiyo ikapita vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Thika, upande wa pili wa mpaka, kulikuwa na kiwanda cha Leyland kilichokuwa kinaunganisha Land Rover, lakini kwa fundi wa Arusha kilikuwa mbali kama Solihull. Kilichopita Namanga kilipita kwa magendo na kwa bei ya magendo.

Hapo ndipo elimu ilipozaliwa. Fundi asiye na spea hujifunza kuchonga bushi, kulehemu chasisi, kukata gasketi kwenye boksi la karatasi ngumu na kufufua kabureta kwa waya mwembamba. Wahasibu hawana safu ya kuandikia elimu hiyo kwenye mizania, lakini ni mtaji, na mtaji huo umefungwa kwa gari moja. Ukiuza 109 ukanunua gari jingine, umeuacha pamoja na gari.

Angalia mfano wa ekseli. Udhaifu unaojulikana wa magari haya ni ekseli za nyuma kukatika, hasa dereva akiachia klachi kwa pupa juu ya mzigo. Kwa gari jingi la kisasa, ekseli ikikatika safari imekwisha. Kwa 109 dereva anafungua bolti sita katikati ya gurudumu, bila hata jeki, anavuta vipande vya ekseli nje, anabonyeza kitasa cha njano ili magurudumu ya mbele yashike, na anafika nyumbani akivutwa na mbele. Betri ikifa, kuna hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Ni gari linaloharibika mara nyingi, lakini mara chache linaharibika hadi likushinde. Kwa mtu aliyebeba maziwa, tofauti hiyo ndiyo fedha yake ya siku.

Mwandishi huyu alijifunza hilo kwa aibu. Nikiwa nimetoka chuoni na cheti bado kina harufu ya wino, nilimkalisha baba yangu mdogo, mkulima wa upande wa Meru, nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba gari lake linamla. Nilikuwa na safu ya petroli, safu ya oili, safu ya fundi. Nikamshauri auze, anunue pikapu ndogo ya mtumba. Alisikiliza yote kwa upole, kisha akaniambia kwamba hesabu ile haikuwa na mvua ndani yake. Sikumwelewa. Masika ya mwaka huo nilikwenda kumsalimia, nikalazimika kuacha gari nililoazima kwenye lami, nikapanda kilometa zilizobaki kwa miguu, viatu mkononi. Yeye alinipita na viazi vyake, gia ya chini, taratibu kama mtu anayepanda ngazi.

Nimeirudia hesabu ile, safari hii kwa heshima zaidi. Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kuonyesha njia tu. Pikapu nzuri ya shilingi milioni 60 ikipoteza asilimia 15 ya thamani mwaka wa kwanza, ni milioni 9, yaani shilingi 750,000 kila mwezi, hata ikilala bila kuwashwa. Kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 17, ongeza shilingi milioni 10.2 kwa mwaka. Mwenye 109 hana mistari hiyo miwili. Gari lake lilishamaliza kushuka thamani miaka mingi iliyopita, na lililo zima linapanda. Anaweza kumlipa fundi shilingi 500,000 kila mwezi na bado akalala akiwa mbele.

Kuna na jambo la pili ambalo benki hazipendi kulisikia. Mkulima wa mlimani hapati fedha kwa mwezi. Anapata kwa msimu na kwa siku ya soko. Marejesho ya mkopo hayasubiri viazi vikomae. Fundi wa 109 anasubiri. Leo unanunua bushi, wiki ijayo springi, baada ya mavuno unapasua injini. Matengenezo yasiyokwisha, ambayo sisi wa mjini tunayaona balaa, kwake ni namna ya kulinunua gari lile lile kwa vipande, bila riba na bila dhamana ya shamba.

Tusije tukaonekana tunaipigia debe. Petroli ndiyo inayoiua 109. Kilometa 6 kwa lita ni matokeo ya kawaida kwa injini ile, na ukipakia karibu tani moja kupanda mlima hata hizo huzipati. Kwa safari ya kilometa 60 unachoma lita 10. Gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita lingechoma 6. Ukifanya safari kama hiyo mara 25 kwa mwezi, tofauti ni lita 100, na hapo hoja yote ya uchakavu inaanza kuyumba. Hesabu ya 109 inasimama kwa mtu wa safari chache, fupi na ngumu. Kwa anayekimbiza abiria kwenye lami kutwa nzima, ni anasa.

Ndiyo sababu wengi wametoa injini ya asili na kuweka ya dizeli, ya Isuzu, Nissan au Toyota. Wazee wa gari hili wanalalamika kwamba hiyo si Land Rover tena. Kwa maoni ya ukurasa huu, ni Land Rover iliyopata akili, ila mnunuzi awe macho: injini ya nguvu mno hugeuza udhaifu wa ekseli kuwa ugonjwa wa kila wiki, na namba ya injini isiyolingana na kadi ya gari ni kesi inayokusubiri.

Kampuni za utalii za Arusha ziliondoka kwenye uaminifu huu mapema, na sababu zao zinafundisha. Zilikuwa na Land Rover nyingi, maana kushuka kreta ya Ngorongoro kunataka gari la magurudumu manne. Defender zenye injini ya 300Tdi ya mwaka 1994 zilipendwa kwa sababu hazikuwa na kompyuta. Mwaka 1998 ikaja Td5 yenye kompyuta ya kuongoza injini. Wakati huo huo Toyota ilikuwa na Land Cruiser ya injini ya 1HZ, silinda sita, isiyo na umeme wa kutatanisha. Mgeni aliyelipa kwa dola hataki kujifunza bolti sita za ekseli akiwa Serengeti. Gereji za bodi kama Hanspaul zikawa na kazi ya kurefusha Land Cruiser na kukata paa zake, na soko likahama. Kampuni hizo zilikuwa zinauza saa za mgeni. Baba yangu mdogo anauza viazi, na viazi vinaweza kungoja nusu saa.

Sasa kuna tatizo jipya. Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Solihull Januari 29, 2016. Defender mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2019, inatengenezwa Nitra, Slovakia, haina chasisi ya chuma ya kulehemu, na ikigoma inataka kompyuta ya kuisoma. Haiwezi kuirithi 109 kule mlimani, na haikukusudiwa kufanya hivyo. Kuagiza Land Rover ya zamani kutoka nje nako kunakutana na ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Hivyo ugavi umefungwa: zilizopo ndizo hizo, na kila moja inayokatwa kwa ajili ya spea haina mrithi. Bei inapanda kwa sababu hiyo, na watu wa maonyesho na harusi nao wameingia sokoni kushindana na mkulima.

Upande wa mafundi ni mbaya zaidi. Kijana anayeingia gereji leo anajifunza bodaboda na Noah, kwa sababu ndizo zinazoleta chakula cha jioni. Anayejua kuipanga gia boksi ya toleo la pili kwa kusikiliza ni mzee, na akistaafu ile safu isiyo kwenye mizania inafutika. Mwenye 109 asiye na fundi ana bodi la aluminiamu tu.

Kwa anayetaka kununua sasa, ushauri ni huu. Usidanganywe na rangi wala bodi, maana aluminiamu haioti kutu. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa sehemu springi zinapofungwa. Ikitoa sauti ya bati badala ya chuma, punguza bei au ondoka. Oili inayovuja isikutishe. Ikiwa haivuji kabisa, tazama kama imo. Kabla ya kutoa fedha muulize muuzaji jina la fundi wake, nenda kwa fundi huyo, umuulize kama atakuwa tayari kuendelea nalo.

Baba yangu mdogo hauzi. Mwezi uliopita aliweka gia boksi ya akiba chini ya kitanda cha wageni, na nilipolala pale nilikuwa nikiipiga teke usiku kucha.