Kuku Wako Wanakwenda Wapi?

Leo tutazungumza habari za kuku wa nyumbani. Lakini kabla hatujashika nyundo kujenga banda, nakuomba tufanye hesabu moja.

Tuseme mtetea wako ametaga mayai 12. Akayaatamia siku 21, akaangua vifaranga 10. Miezi mitatu ikapita, ukahesabu tena: wamebaki wawili. Je, wale wanane wamekwenda wapi? Mmoja alichukuliwa na mwewe. Wawili walikuwa chakula cha kicheche. Mmoja alikanyagwa na ng'ombe, mmoja alilowa mvua akafa kwa baridi, na watatu walikwenda na mdondo. Mwenye nyumba husema, "Mimi sina bahati ya kuku." Sivyo, ndugu yangu. Mtetea alitimiza kazi yake yote. Sisi ndio hatukutimiza yetu.

Hilo ndilo somo letu la leo. Faida ya kuku wa kienyeji haitokani kwanza na kutaga mayai mengi, bali na vifaranga wachache kufa. Na kuku si jambo dogo. Katika nyumba nyingi kuku ndiye mfuko wa mama: daftari la mtoto, nauli ya hospitali na kitoweo cha mgeni hutoka hapo.

BANDA

Watu wengi hulaza kuku jikoni au chumbani. Haifai. Kinyesi chao huleta maradhi, hasa kwa watoto wadogo wanaotambaa. Jenga banda nje, mahali pasipotuama maji. Kwa kuku 15, banda la futi 6 kwa futi 6 latosha kulala. Liinue juu ya nguzo, kiasi cha futi 3 kutoka ardhini, na sakafu iwe ya fito zilizokaribiana, ili kinyesi kianguke chini. Kizoe kila juma ukakitie kwenye shimo la mboji; kikiisha kuoza, kitafaa sana kwa mchicha wako.

Urefu wa paa uende kutoka mashariki hadi magharibi, jua lisiwachome kuku ndani. Ukuta uwe mzima nusu ya chini. Nusu ya juu weka wavu au fito, hewa ipite. Zungushia kila nguzo kipande cha bati laini, kicheche na panya wasipate pa kushika. Paka nguzo oili chafu ya gari, mchwa na siafu wakae mbali.

Ndani weka fito mbili za kulalia, kwa maana kuku hupenda kulala juu. Weka viota vitatu vyenye nyasi kavu mahali penye giza kidogo, kila kimoja futi moja kwa futi moja. Nyunyiza majivu viotani, na weka mengine katika shimo dogo nje ili kuku waoge. Majivu hupunguza chawa na utitiri.

Neno moja kwa walio karibu na machimbo ya dhahabu. Usitandaze marudio bandani, wala usiwaache kuku wadonoe penye kuoshea dhahabu. Mchanga huo huenda una zebaki, na sumu hiyo yaweza kuingia katika mayai na nyama, na mwishowe tumboni mwako.

VIFARANGA NA CHAKULA

Vifaranga wasiachwe kuzurura na mama yao tangu siku ya kwanza. Suka tenga kubwa, uwafunike pamoja naye kwa majuma manne, ukiwapa maji safi katika chombo kifupi wasizame. Baadaye mtenge mama. Hatakawia kurudi kutaga.

Kifaranga hakui kwa pumba peke yake. Changanya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa ziwani waliosagwa. Dagaa wasizidi, maana nyama na mayai yatanuka samaki. Mashudu ya pamba usiwape kuku wanaotaga, kwa sababu huharibu rangi ya kiini cha yai. Kwa maganda magumu ya mayai, ponda makombe ya konokono wa ziwani. Tena kuna chakula kisichokugharimu kitu: jaza chungu kikuukuu nyasi kavu na samadi iliyolowa, kigeuze juu ya tundu la mchwa jioni, na asubuhi wape vifaranga mchwa walioingia.

MDONDO

Sasa twafika kwa adui mkubwa. Mdondo, uitwao pia kideri, ulielezwa na wataalamu miaka ya 1920 huko Java na Newcastle, Uingereza. Kuku hukoroma, huharisha kijani, hushusha mabawa na kupinda shingo. Hauna dawa. Mwarobaini, pilipili na vidonge vya binadamu havitaponya hata mmoja. Lakini chanjo ipo. Iitwayo I-2 ilitokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi za joto, nayo hustahimili joto kuliko chanjo za zamani. Tanzania hutengenezwa Kibaha. Hutiwa tone moja tu katika jicho moja la kila kuku, hata kifaranga, na hurudiwa kila miezi mitatu. Wachanje wangali wazima. Aliyekwisha kuugua hatapona kwa tone hilo.

Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao. Basi changeni watu wa kitongoji kimoja, mwiteni Bwana Mifugo, mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, kuku wa jirani watabaki kuwa makao ya ugonjwa.

Na ugonjwa ukiingia, usikimbilie kuuza kuku mnadani, wala usimpe mgeni zawadi ya kuku. Hivyo ndivyo mdondo unavyosafiri. Mzoga uchome au uzike chini sana. Kuku mpya mtenge siku 14 kabla ya kumchanganya na wenzake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mwaka jana vifaranga wangapi waliangua nyumbani kwako, na wangapi walikua?
2. Waliopotea, walipotea kwa sababu gani? Ipi mwaweza kuizuia mwezi huu?
3. Nani atakusanya michango ya chanjo, na siku gani?

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Baada ya miezi mitatu tutahesabu tena pamoja.