Pemba: Kisiwa chenye ndege wanne wasiopatikana kwingineko

WATALII wengi wanaofika Zanzibar huishia Mji Mkongwe na fukwe za Unguja. Wapenzi wa ndege, hata hivyo, huvuka hadi Pemba, na wanayo sababu: kisiwa hicho kina aina nne za ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, ilhali Unguja haina hata mmoja wa namna hiyo.

Tofauti hiyo inatokana na kina cha bahari. Unguja imetengwa na bara na maji ya kina kifupi. Bahari ilipopungua katika enzi ya barafu, kisiwa hicho kilikuwa sehemu ya bara, na kilitengana nalo takriban miaka 10,000 tu iliyopita. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, hivyo kisiwa kilibaki peke yake kwa muda mrefu zaidi, na viumbe wake wakapata nafasi ya kubadilika wakawa aina mbalimbali.

Ndege hao ni ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni, na bundi mdogo wa rangi ya kahawia. Watatu wa kwanza huonekana mchana, hata kwenye bustani na mashamba. Bundi ndiye anayewasafirisha watu kutoka mbali. Alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1937, na leo yumo katika orodha ya ndege walio hatarini.

Mahali pa kumtafuta ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, kupitia Konde. Msitu huo wenye zaidi ya hekta 1,400 ndiyo sehemu kubwa iliyosalia ya misitu iliyofyekwa katika karne ya 19 ili kupanda mikarafuu. Bundi huyo huishi pia katika mashamba ya mikarafuu, mradi miti mikubwa ya zamani ipo. Hapo ndipo penye hofu: kila mti mkongwe unaoangushwa kwa ajili ya mbao au kuni huenda ulikuwa makazi yake.

Kwamba wanakijiji wanaweza kubadili mambo, mfano upo hapo hapo Pemba. Popo mkubwa wa kisiwa hicho, naye wa pekee duniani, alikaribia kutoweka kwa kuwindwa kama kitoweo. Katika miaka ya 1990 vikaundwa vikundi vya kumlinda, na idadi yake ikapanda tena. Huko Kidike wageni hulipa kiingilio ili wamtazame.

Anayekwenda Ngezi aingie na mwongozaji wa msitu, jioni, akiwa na tochi. Sauti ya bundi ni mlio mmoja mfupi unaorudiwa, na mara nyingi dume na jike huitikiana. Baadhi ya wageni humvuta kwa kumpigia sauti iliyorekodiwa. Tabia hiyo haifai: ndege hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, akaacha kuwinda ili amkabili.