KUKIMBIA NAKO KUNAFUNDISHWA



Mwaka jana tulialikwa kwenye sherehe ya kijiji kimoja cha Hanang. Baada ya hotuba kulikuwa na mashindano ya mbio. Wakimbiaji walitakiwa kutoka uwanja wa shule, kwenda mnadani na kurudi. Njia hiyo ni kilomita nane hivi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mbuzi. Walijipanga vijana ishirini na wawili, na mzee mmoja mchungaji aliyevaa makatambuga yake.

Filimbi ilipolia, kijana mmoja alitoka kama mshale. Watu wakapiga vigelegele. Wenzake walipofika kwenye mti wa kwanza, yeye alikuwa amekwisha kata kona. Wote tukasema, mbuzi kapata mwenyewe. Kumbe wapi! Baada ya nusu saa aliyeingia uwanjani wa kwanza alikuwa mtu mwingine. Kijana wetu tulimkuta ameketi kando ya njia, kashika mbavu, ametapika ugali wake wa asubuhi. Yule mzee wa makatambuga aliingia wa sita. Watu walimcheka kijana yule mpaka jioni, na tangu siku hiyo akakataa kabisa kukimbia.

Mama yake ni mwanakisomo. Alitufuata akauliza, "Walimu wangu, huyu mtoto hukimbia kila siku kufuata ng'ombe. Mbona leo ameshindwa?" Tukamwuliza, nani anamfundisha? Akashangaa. "Kukimbia nako kunafundishwa?"

Swali lile tumekaa nalo muda mrefu. Leo tunajaribu kulijibu, maana tunadhani wako vijana wengi huku kwetu wanaoharibika kwa sababu hiyo hiyo.

SIFA YA WILAYA ZETU

Kwanza tujue kwamba nchi yetu hii ni nchi ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga ni mtu wa Katesh. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32 na nukta mbili. Duniani kote hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hiyo upesi namna ile. Hata wa vijana wa sasa wapo. Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia marathoni ya Valencia, Hispania, mwezi wa Desemba 2022, kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Kabla ya siku hiyo hakuna Mtanzania aliyewahi kufanya hivyo.

Wengine husema hiyo ni hewa ya huku tu. Kweli hewa inasaidia. Sisi tunaishi juu, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Mwili wa mtu aliyekulia juu hujizoeza, huongeza zile chembe nyekundu za damu zinazobeba hewa. Akishuka pwani hujiona mwepesi. Lakini hebu tujiulize: kijana aliyetapika njiani naye amezaliwa katika hewa hiyo hiyo. Na waliomshinda ni wa hapo hapo. Basi hewa peke yake haimpi mtu mbuzi.

KOSA LA KUANZA VIBAYA

Kosa la kijana yule ni kosa kubwa kuliko yote katika mbio ndefu. Alitumia nguvu zake zote katika kilomita ya kwanza.

Si yeye wa kwanza. Mwaka 1982 yalifanyika mashindano ya Jumuiya ya Madola katika mji wa Brisbane, Australia. Shahanga wetu alikuwa amekwisha shinda mita 10,000 na kupata medali ya dhahabu. Siku ya marathoni, yaani mbio ya kilomita 42 na mita 195, yeye na Mtanzania mwenzake Juma Ikangaa walitoka mbele kwa kasi kubwa sana, wakawaacha wengine mbali. Nyuma yao alikuwako Mwaustralia Robert de Castella. Huyu hakuwafukuza mara moja. Alikwenda na mwendo wake. Shahanga akachoka, akaachwa. Ikangaa alishikilia mpaka karibu na mwisho, wakapishana na de Castella mara kadhaa, lakini mwenye akiba alikuwa yule Mwaustralia. Alishinda kwa sekunde 12 tu. Ikangaa alipata nafasi ya pili, na ni heshima kubwa. Hata hivyo tunaona jambo: mabingwa nao huadhibiwa wakianza vibaya, seuze kijana wa miaka kumi na saba anayekimbilia mbuzi.

Sasa tazama Alphonce Simbu, wa mkoa jirani wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mji wa Tokyo, Japani, alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia. Mita za mwisho kabisa Mjerumani mmoja, Amanal Petros, alikuwa mbele yake. Simbu alikuwa bado na kitu mguuni. Alimpita kwenye utepe wenyewe, tofauti yao ikawa sehemu tatu za mia za sekunde. Kufumba na kufumbua jicho huchukua muda mrefu kuliko huo! Akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha.

Hapo vijana hutubishia. Husema, "Mbona Bayi alikuwa anatoka mbele tangu mwanzo na anashinda?" Ni kweli, pale Christchurch mzunguko wa kwanza wa mita 400 aliumaliza kwa sekunde 55 hivi, na hakuna aliyemkuta. Lakini mbio ya Bayi ilikuwa ya dakika zisizofika nne. Tena mwendo ule alikuwa ameujenga kwa mazoezi, hakuukuta njiani. Kumwiga Bayi katika kilomita nane bila mazoezi ya Bayi ni kutafuta kichomi.

HESABU YA MBIO

Hapa kisomo kinaingia. Ukijua kugawanya, unaweza kumsaidia mkimbiaji.

Tuseme mtoto wako anaweza kukimbia kilomita 8 kwa dakika 40. Gawanya 40 kwa 8. Utapata 5. Maana yake kila kilomita akimbie kwa dakika 5. Akimaliza kilomita ya kwanza kwa dakika 4, usipige vigelegele. Amekula dakika ya kesho. Mwambie apunguze. Akimaliza kwa dakika 5 na kidogo, ni vizuri. Aongeze baadaye, katika kilomita mbili za mwisho.

Utajuaje kilomita moja? Chukua kamba, ipime mita 50 kwa futi ya fundi seremala au ya bwana shamba. Zungusha uwanja wa mpira. Viwanja vya vijijini havilingani, ndiyo maana tunasema upime, usikisie. Kama uwanja wenu una urefu wa mita 100 na upana wa mita 65, mzunguko mmoja ni mita 330. Mizunguko mitatu ni mita 990, karibu kilomita moja. Simu nyingi siku hizi zina saa ya kuhesabu sekunde. Kama hakuna simu, saa yoyote yenye mshale wa sekunde inatosha.

MAZOEZI YA KILA MTU

Anayeanza, awe mtu mzima au kijana, asianze kwa kukimbia tu. Atembee upesi dakika tano, akimbie polepole dakika mbili, atembee tena mbili, akimbie mbili. Afanye hivyo kwa dakika ishirini, siku tatu kwa wiki. Wiki zinazofuata apunguze kutembea kidogo kidogo. Mwenye presha, pumu au maumivu ya kifua aende zahanati kwanza, asione haya.

Polepole ni polepole gani? Kipimo ni mdomo. Kama unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima huku unakimbia, mwendo ni sawa. Ukijibu neno moja moja na kuhema, umezidisha. Vijana hawapendi kipimo hiki, huona ni cha wazee. Lakini wakimbiaji wakubwa wa marathoni nao hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi. Moyo na mapafu hujengeka hapo, na mifupa huzoea.

Kijana aliyekwisha zoea, yaani amekimbia miezi mitatu au minne bila kuumia, huyo anaweza kuongeza mazoezi makali. Hata hivyo iwe siku mbili tu kwa wiki. Siku moja akimbie mzunguko mmoja wa uwanja kwa nguvu, kisha atembee au akimbie polepole mzunguko mmoja, apate pumzi, arudie. Aanze na mara nne, asizidishe nane. Siku ya pili apande kilima. Vilima tunavyo, hilo halihitaji maelezo. Apande kwa nguvu dakika moja, ashuke kwa kutembea. Kushuka kwa kasi ndiko kunakovunja magoti.

Siku zilizobaki ni mwendo mwepesi, na siku moja nzima ni ya kupumzika. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumeona vijana wanaoshindana kila asubuhi barabarani, kila siku wanataka kumjua nani mkali. Baada ya mwezi wawili wanachechemea, ugoko unauma. Mwili huongeza nguvu wakati wa kupumzika. Na siku za kulima au kubeba mizigo nazo ni kazi, zihesabiwe.

Watoto wadogo wacheze, wakimbie mbio fupi na za kupokezana vijiti. Msiwapeleke kwenye marathoni kwa sababu ya zawadi.

Kula saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, siyo ukiondoka mezani. Kijana yule wa mbuzi alikula ugali na maziwa mgando, akajipanga. Chakula chetu kinatosha: ugali, makande, maharage, maziwa, mboga za majani, nyama inapopatikana. Maji anywe kabla na baada. Viatu vikipatikana ni vizuri, lakini raba iliyoisha soli ni mbaya kuliko njia laini ya udongo. Afadhali kukimbilia njia za ng'ombe kuliko lami.

WASICHANA

Tunataka kusema wazi hapa. Katika vijiji vingi wasichana hawaonekani uwanjani. Siyo kwamba hawawezi. Saa ya mazoezi ni saa ya maji na kuni. Baba anayetaka binti yake akimbie, ampe kaka yake ndoo siku tatu kwa wiki. Tumelisema hilo katika mikutano, wanaume wakacheka. Tunalirudia hapa kwa maandishi.

Msichana anayefanya mazoezi makali anahitaji chakula cha kuongeza damu kuliko mvulana, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Akichoka bila sababu, akapata kizunguzungu, akapimwe damu. Malaria nayo hula damu. Msimwambie ni mvivu.

GOTI LA AKHWARI

Kila mtu huku anaijua habari ya Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka njiani, goti likateguka. Alifungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani jioni, watu wengi wamekwisha ondoka, akiwa wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Uhabeshi aliyeshinda. Alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, siyo kuanza tu. Dunia nzima inamheshimu kwa hilo, na sisi pia.

Lakini wazazi wengine huitumia habari hiyo vibaya. Mtoto akisema goti linauma, huambiwa, "Akhwari alimaliza!" Hapana, jamani. Akhwari alikuwa mtu mzima katika mbio ya taifa, na aliamua mwenyewe. Mtoto anayeumwa goti asimamishwe. Apumzike, na maumivu yakizidi siku chache aende zahanati. Tena watu husahau kwamba Akhwari hakuwa mtu wa kuingia wa mwisho. Miaka miwili baadaye, kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uskoti, aliingia wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. 

DAFTARI

Yule mama wa Hanang tulimpa kazi moja. Anunue daftari, apige mistari minne. Mstari wa kwanza tarehe, wa pili umbali, wa tatu dakika, wa nne neno moja: "vyema", "amechoka" au "anaumwa". Kijana alikataa mwezi mzima. Halafu siku moja akaenda mwenyewe uwanjani, na mama akabaki na saa chini ya mti.

Tulipopita mwezi uliopita alituonyesha kurasa sita. Mwandiko wake si mzuri sana, lakini unasomeka. Kilomita moja ya mwanzo na ya mwisho sasa zinapishana sekunde kumi tu. Kuna mahali pameandikwa "anaumwa" siku mbili mfululizo, na siku ya tatu hakuna kitu, alimkataza. Vijana wengine wanne wameomba majina yao yaandikwe humo. Wawili ni wasichana.

Alitulalamikia jambo moja tu: mzunguko wa uwanja umebadilika tangu mvua zianze, na dakika hazilingani na za zamani. Tuliangalia kamba yake. Ni ya katani, na katani ikilowa hubadilika urefu. Wenye kamba za namna hiyo wazikaushe kabla ya kupima, au wapigilie vigingi kwenye kona za uwanja wakati wa kiangazi.